Fyuzi Nzima, Waya Unaungua: Mwongozo wa Kutafuta Joto la Umeme kwenye Gari la Zamani

Harufu ya plastiki inayoungua ikianza ndani ya gari lenye umri wa miaka ishirini na kitu, ushauri wa kwanza utakaoupata ni kuangalia fyuzi. Utafungua boksi, utaikuta fyuzi nzima, utapumua, na utaendelea na safari. Kosa linaanzia hapo. Fyuzi huangalia kitu kimoja tu: wingi wa mkondo. Kiungo kilicholegea au kilichoshika kutu hakiongezi mkondo, mara nyingi hata huupunguza, lakini kinaweza kupata moto wa kuyeyusha plagi huku fyuzi ikiwa haina habari.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la zamani la volti 12: Corolla za miaka ya 1990, pikapu za Hilux, Land Rover za kale, na jamaa zao. Si lazima uwe fundi. Unahitaji mita ya bei nafuu, asubuhi isiyo na haraka, na utii wa kanuni moja: usibadilishe kilichoungua kabla hujajua volti zinapotelea wapi.

KWA NINI WAYA UPATE MOTO

Joto la waya linatokana na mambo mawili: mkondo unaopita, ambao tunaupima kwa ampea, na ukinzani wa njia, ambao tunaupima kwa omu. Ukinzani ukiongezeka mara mbili na mkondo ukabaki uleule, joto nalo linaongezeka mara mbili. Mkondo ndio mkorofi zaidi: ukiongezeka mara mbili, joto linapanda mara nne.

Chukua taa kubwa za mbele, globu za H4 za wati 60/55. Ukiwasha fulu, kila globu inakula takriban ampea 5. Mbili kwa pamoja ni ampea 10. Sasa weka kwenye njia yao ya pamoja kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.1, kiasi kidogo ambacho mita nyingi za bei rahisi hazikioni. Ampea 10 zikipita hapo, volti 1 inapotea na wati 10 za joto zinazaliwa kwenye kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Plastiki iliyokizunguka haiwezi kuvumilia hilo usiku hadi usiku.

Mwenye gari anaona taa hafifu. Badala ya kutafuta volti iliyopotea, ananunua globu za wati 100/90. Mkondo unakaribia ampea 17, na kiungo kilekile sasa kinatoa karibu wati 28. Volti zinazopotea njiani zimeongezeka, kwa hiyo mwanga unaofika barabarani hauongezeki kama alivyolipia. Joto ndilo lililokaribia kuongezeka mara tatu.

Kiungo kikishapata moto mara moja, hakiponi chenyewe. Chuma chembamba ndani ya plagi hushika ncha ya globu au fyuzi kwa nguvu ya mnyumbuko wake. Joto linaua mnyumbuko huo, mshiko unalegea, ukinzani unapanda, joto linazidi. Ndiyo maana kusugua kwa msasa plagi iliyoungua na kuirudisha ni kazi ya wiki mbili tu.

Magari yetu yana sababu zake za ziada. Hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa inaingia kwenye viungo na kuacha kutu ya kijani. Wanaoosha injini kwa maji ya presha wanasukuma maji ndani ya plagi. Panya wanapenda ganda la waya. Na waliofunga alamu, redio na spotilaiti kabla hujalinunua gari walidonoa waya wa kiwandani popote walipoona panafaa, wakaviringisha tepu, wakaondoka.

SOMA ALAMA YA MOTO KABLA YA KUKATA KITU

Gari lenyewe huwa limeshaandika jibu. Kabla hujashika kisu, tazama ganda limeungua wapi na kwa kiasi gani.

Ganda limeungua vibaya kwenye plagi, na uharibifu unapungua kadiri unavyoondoka, kisha sentimita kumi mbele waya ni mzima: huo ni mshiko mbovu. Mkondo haukuzidi. Kuongeza unene wa waya hakutasaidia.

Waya umelainika, umebadilika rangi au umevimba kwa urefu wake wote: mkondo ulizidi uwezo wa waya. Ama kuna shoti, ama kuna mzigo mkubwa uliofungwa kwenye waya mwembamba, ama fyuzi kubwa kuliko inavyotakiwa.

Waya umeungua mahali pamoja katikati, hasa unapopita kwenye tundu la bati au kando ya bomba la ekzosi: ganda lilichubuka au lilipikwa na joto la nje. Tibu njia ya waya pamoja na waya wenyewe.

Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Utazihitaji wakati wa kurudisha, na utazihitaji zaidi ukiishia kwa fundi.

VIFAA VYA KUWA NAVYO

- Mita ya dijitali, yenye kipimo cha volti za DC hadi 20
- Globu ya wati 21 (ya taa ya breki) iliyofungwa nyaya mbili
- Plaizi ya kubania vichwa vya waya. Plaizi ya kawaida haitoshi
- Vichwa vya waya, lagi za bolti, na mpira wa kusinyaa kwa joto
- Waya wa magari wenye nyuzi nyingi, wa shaba halisi
- Brashi ya waya, msasa laini, na grisi ya betri au vaselini
- Mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu, uwe nje ya gari, karibu na mkono

ONYO KABLA YA KUANZA

Vua saa, pete na bangili. Pete ikigusa chanya ya betri na bati kwa pamoja inakuwa nyekundu ukiwa umeivaa.

Ukianza kukata au kufungua, ondoa kwanza terminali ya hasi ya betri. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Sababu yake ni hii: spana inayofungua hasi ikigusa bodi haifanyi kitu, lakini inayofungua chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imefungwa inapiga shoti ya betri nzima.

Gari lenye mfuko wa hewa kwenye usukani lina nyaya au plagi za njano. Usizipime, usizidonoe. Ukitaka kufungua chochote karibu na usukani, ondoa betri na usubiri. Vitabu vya Toyota vya miaka hiyo vinataka angalau sekunde 90.

Ukinusa petroli, hakuna kupima umeme siku hiyo. Tafuta petroli inavuja wapi kwanza.

KUPIMA: FUATA VOLTI INAYOPOTEA

Wengi hupima kwa njia isiyoonyesha kitu. Wanachomoa plagi, wanaweka mita, wanaona volti 12, wanasema umeme umefika. Umefika kweli, kwa sababu hakuna mkondo unaopita. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja utakuonyesha volti 12 zilezile. Udhaifu unajitokeza mzigo ukiwa unafanya kazi tu. Kwa hiyo kila kipimo hapa kinafanyika taa ikiwaka au feni ikizunguka, plagi ikiwa imechomekwa, na ncha ya mita ikiingizwa kwa nyuma ya plagi.

1. Washa injini, iache sailensa, gari liwe mahali penye hewa. Weka nyaya za mita mbali na mikanda na feni ya rejeta; feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe bila kukuuliza.

2. Pima betri kwanza. Injini ikiunguruma, itoe kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, alteneta inachaji kupita kiasi na kila kitu ndani ya gari kinakula mkondo zaidi. Rekebisha hilo kabla ya mengine.

3. Washa mzigo unaoushuku, uache kwa dakika kumi. Kisha gusa plagi, swichi na boksi la fyuzi kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Panapokufanya uondoe mkono, weka alama.

4. Pima upande wa chanya. Ncha moja ya mita iwe kwenye nguzo ya chanya ya betri, juu ya risasi yenyewe na si kwenye kleme. Ncha ya pili iwe kwenye waya wa chanya nyuma ya plagi ya taa. Namba unayoiona ni volti zilizopotea kati ya hapo na hapo.

5. Pima upande wa hasi vivyo hivyo: nguzo ya hasi ya betri, na waya wa hasi nyuma ya plagi ileile.

6. Linganisha. Chini ya volti 0.3 kila upande, njia ni nzuri. Ikifika 0.5, kuna kiungo kinachochoka. Ikifika 1 au zaidi, umepata ugonjwa, na upande wa pili wa gari unaweza kuusahau.

7. Sasa tembea. Ncha moja ibaki kwenye betri. Nyingine isogeze kiungo kwa kiungo kuelekea betri: plagi, swichi, rilei, fyuzi, kleme. Namba itapungua kidogo kidogo, kisha mahali fulani itaanguka ghafla. Kiungo kilicho katikati ya vipimo hivyo viwili ndicho mhalifu.

Tuchukue mfano wa Corolla ambayo taa zake kubwa ni hafifu, na mwenyewe hubadilisha plagi kila baada ya miezi michache. Upande wa chanya unapoteza volti 0.3. Upande wa hasi unapoteza 1.6. Ukitembea na mita: nyuma ya plagi 1.6, kwenye waya unaoingia swichi ya usukani 1.4, kwenye waya unaotoka swichini kwenda bodi 0.2. Swichi peke yake inakula volti 1.2, na fulu zikiwaka hizo ni kama wati 12 za joto chini ya mikono ya dereva. Mwenye gari angeweza kununua plagi za taa maisha yake yote.

Mfano huo una jambo linalowachanganya hata mafundi. Toyota nyingi za miaka hiyo hazikati chanya ya taa kubwa. Chanya inafika kwenye globu moja kwa moja, na swichi ya fulu na dimu inakata hasi. Anayetafuta hasi kwenye bodi karibu na taa haipati, kwa sababu hasi inazunguka hadi kwenye usukani ndipo irudi. Usikisie: taa zikiwaka, pima pini ya pamoja ya plagi ya H4 dhidi ya nguzo ya hasi ya betri. Ukiona volti 12 au zaidi, gari lako ni la kundi hilo.

Land Rover za Series ni habari nyingine. Mkondo wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi bila rilei, na nyingi zilitoka kiwandani bila fyuzi kwenye saketi hiyo. Hapo swichi kupata moto si ajabu, na rilei ni tiba halisi.

HASI MBOVU: UGONJWA UNAOJIFICHA

Kila ampea inayotoka chanya lazima irudi hasi. Watu wananunua waya mnene wa chanya, kisha wanafunga hasi kwa skrubu iliyoingia kwenye rangi na kutu.

Dalili zake ni za vituko. Ukiwasha indiketa, taa ya kuegesha nayo inapepesa. Ukikanyaga breki, taa za nyuma zinafifia. Cha hatari zaidi ni waya wa hasi unaotoka injini kwenda bodi. Injini imekalia mipira, kwa hiyo haigusani na bodi vya kutosha kupitisha umeme. Waya huo ukikatika, mkondo wa stata, ambao kwenye gari dogo unaweza kuvuka ampea 100, utatafuta njia nyingine: kebo ya mafuta, kebo ya gia, bomba lolote la chuma. Kebo ya mafuta inayopata joto au kukwama baada ya kupiga stata haitibiwi kwa oili. Tafuta waya wa injini.

Kipimo chake ni rahisi. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.5, fungua waya wa hasi, sugua ncha zote mbili na bati hadi ling'ae, funga kwa bolti yenye washa ya meno, kisha paka grisi juu. Grisi inakuja mwisho, baada ya kukaza.

SEHEMU NYINGINE ZA KUTAZAMA

Blowa ya ndani. Plagi yake au ya swichi ya spidi inayeyuka, watu wanabadilisha plagi, inayeyuka tena. Mara nyingi mota yenyewe imechoka: bushi zimekauka, majani na vumbi vimejaa, inazunguka kwa shida na kuvuta mkondo mkubwa. Zima, ingiza mkono, zungusha feni. Ikigoma, umepata chanzo. Mantiki ni hiyohiyo kwa feni ya rejeta, mota za vioo na za waipa.

Alteneta. Nati inayoshika waya mnene nyuma yake ikilegea, ampea 50 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.02 zinazaa wati 50 za joto. Mpira mweusi unaofunika nati hiyo ukiwa umekauka na kupasuka, fungua utazame. Bolti hiyo ina umeme wa betri saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, kwa hiyo hasi ya betri iwe imeondolewa kwanza.

Kleme za betri. Unga mweupe au wa kijani unaondoka kwa maji ya moto na baking soda. Soda ya chupa inayomwagwa juu ya betri ina asidi na sukari, na sukari haiondoki.

Boksi la fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima lakini plastiki yake imelainika au imekuwa kahawia, meno ya boksi ndiyo yaliyolegea.

FYUZI INAYOKATIKA KILA MARA

Hapa hadithi ni nyingine: mkondo umezidi kweli. Usiendelee kulisha fyuzi. Chukua globu ya wati 21, chomeka nyaya zake mbili mahali pa fyuzi. Globu itawaka kwa nguvu ikiwa kuna shoti, na haitaruhusu mkondo wa kuunguza kitu, kwa sababu yenyewe haipitishi zaidi ya kama ampea 2. Sasa chomoa vifaa vya saketi hiyo kimoja kimoja na tikisa fungu la nyaya taratibu, hasa kwenye bawaba za milango, mlango wa buti na matundu ya bati. Globu ikizimika au kufifia ghafla, mkono wako uko juu ya tatizo.

RANGI ZA FYUZI ZA KISASA (ZA MENO)

- Kahawia mpauko: ampea 5
- Kahawia: 7.5
- Nyekundu: 10
- Bluu: 15
- Njano: 20
- Nyeupe, inayopenya mwanga: 25
- Kijani: 30

Namba ya kufuata ni ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka 30 mahali pa 15, ni waya utakaokatika kwanza, na waya hukatika kwa moto. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara si fyuzi ya dharura. Ukikwama usiku, azima fyuzi ya redio yenye ampea sawa au ndogo zaidi.

KUTENGENEZA: HATUA KWA HATUA

1. Ondoa hasi ya betri.

2. Kata waya ulioungua, urudi nyuma hadi ukute shaba inayong'aa. Shaba nyeusi au ya kijani haishiki vizuri hata ukiisugua. Mara nyingi itakubidi ukate sentimita 10 hadi 15.

3. Tafuta plagi nyingine. Iliyotumika inafaa ikiwa imekatwa na mkia wa waya wa kutosha. Gerezani na Ilala kwa wa Dar, Grogan na Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, utazipata. Tazama ndani: chuma kiwe na rangi sawa pande zote, na plastiki isiwe na weusi au ukahawia. Plagi iliyoungua kwenye gari la mwenzako haitakuwa dawa kwako.

4. Chagua waya. Kwa urefu usiozidi mita 4, kipimo hiki kinaacha nafasi ya usalama:

- Hadi ampea 5: milimita za mraba 1.5
- Hadi ampea 10: 2.5
- Hadi ampea 20: 4
- Hadi ampea 30: 6

Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene uuache nyumbani. Mtetemo wa gari unaukata ndani ya ganda bila kuonekana. Jihadhari pia na waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo si shaba, na ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba.

5. Ingiza mpira wa kusinyaa kwenye waya kabla ya kuunga. Kila mtu anaukumbuka baada ya kumaliza.

6. Unga kwa kubana. Vua ganda kiasi kinachoingia kwenye kichwa cha waya, bana kwa plaizi yake, kisha vuta kwa nguvu ya mkono. Kikichomoka, afadhali kichomoke sasa. Lehemu ni nzuri kwenye redio, lakini kwenye fungu la nyaya linalotikisika inaugumisha waya pale inapoishia, na waya unakatikia hapo. Isitoshe lehemu ya kawaida ya bati na risasi inayeyuka kuanzia nyuzi joto 183. Kiungo kikipata moto tena, kinajifungua.

7. Sinyaza mpira kwa joto hadi ubane. Tepu peke yake, katika joto la boneti letu, itageuka kuwa gundi kabla ya mwaka kwisha.

8. Funga waya mahali pake kwa vibano, mbali na ekzosi, na uweke mpira kwenye kila tundu la bati unapopita.

9. Rudisha betri, washa mzigo, rudia vipimo vya volti vilevile. Andika namba za kabla na za baada. Kama volti 1.6 imekuwa 0.2, umemaliza. Kama imekuwa 1.2, kuna kiungo kingine.

JE, NIWEKE RILEI?

Rilei inaondoa mkondo mkubwa kwenye swichi na kuubebesha waya mfupi mnene kutoka betri. Pini zake za kawaida: 30 inapokea chanya ya betri kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za kuiamsha kwa mkondo mdogo usiofika robo ampea.

Kwa Land Rover na magari yasiyo na rilei ya taa, ninaipendekeza bila kusita. Kwa Corolla yenye globu za 60/55, ningeanza na kurudisha viungo katika afya. Taa inayopata volti kamili inashangaza: globu ikikosa asilimia 10 ya volti inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, kwa hiyo kuurudisha ule uliopotea mara nyingi kunamtosha mtu aliyekuwa anawaza globu za wati 100. Ukiamua kuweka rilei kwenye gari linalokata hasi, nunua seti ya nyaya iliyotengenezwa kwa mfumo huo. Seti ya kawaida itawaka siku ya kwanza na kukuchezea taa ya fulu ya dashibodi siku zote.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

- Kudonoa waya wa taa kubwa ili kupata umeme wa spotilaiti. Spotilaiti iwe na fyuzi yake, rilei yake na waya wake kutoka betri.
- Kupima umeme kwa kukwaruza waya kwenye bati ili kuona cheche. Kwenye gari lenye kompyuta, cheche moja inaweza kuwa ghali kuliko kazi nzima.
- Kung'oa terminali ya betri injini ikiunguruma ili "kujua kama alteneta inachaji". Volti zinaruka juu na kuua diodi au kompyuta. Mita inakupa jibu hilo kwa sekunde mbili.
- Kubadilisha waya wa dharura wa kuyeyuka, ule mfupi ulio karibu na betri kwenye Toyota za kale, kwa waya wa kawaida. Huo ni fyuzi. Weka wa aina yake.
- Kuosha injini kwa presha na kuwasha hapohapo.

WAKATI WA KUMWACHIA FUNDI

Acha ikiwa nyaya nyingi zimeyeyuka na kushikana ndani ya fungu moja, ikiwa uharibifu umefika kwenye nyaya za kompyuta au za njano, au ikiwa swichi ya ufunguo ndiyo inayoungua na hujawahi kufungua usukani.

Nenda na picha na namba zako. Mwambie fundi: "Upande wa hasi unapoteza volti 1.6, naomba ukimaliza tupime tena pamoja." Fundi mzuri atafurahi, maana umempunguzia kazi. Anayekujibu, "Bosi, tuongeze fyuzi tu," umemjua mapema na bila gharama. Omba pia upewe vipande vilivyotolewa.

MOSHI UKITOKEA UKIWA BARABARANI

1. Zima kila kitu, simama kando, zima injini, toa watu wote.
2. Ikiwa ni moshi tu, na unaweza kuifikia betri salama, ondoa hasi. Ndiyo maana kleme ya hasi isiwe imefungwa kwa waya wa kufungia au bolti iliyokufa; spana yake ikae kwenye gari siku zote.
3. Ukiona ndimi za moto chini ya boneti, usiifungue wazi. Hewa itaukuza. Ilegeze kidogo tu, puliza poda kupitia upenyo, rudi nyuma. Usimwage maji kwenye umeme wala petroli.
4. Piga simu Zimamoto: 114 kwa Tanzania, 999 kwa Kenya.
5. Moto ukizimika, usiwashe gari tena kujaribu. Livutwe.

UKAGUZI BAADA YA MATENGENEZO

- Siku hiyohiyo: washa mzigo dakika 20, gusa kila kiungo kipya.
- Baada ya wiki: kaza upya bolti za hasi na kleme za betri.
- Kabla na baada ya masika: fungua plagi za taa, tafuta ukijani.
- Kila ukinunua globu: soma wati kabla ya kulipa, kwani 100/90 na 60/55 zinakaa kwenye plagi moja na maboksi yake yanafanana.